Nukta Tatu Baada ya Control

Habari ya kifo cha Zaituni niliipata sokoni Arua, kwa mwanamke anayeniuzia samaki wakavu, ambaye hakujua kwamba marehemu namfahamu. Alikuwa akimsimulia mwenzake wa meza ya pili, kwa sauti ile ya kupitisha asubuhi, kwamba huko mjini Koboko amekufa yule mama wa duka la kuchapa, yule aliyerudi na wanawe kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilisimama na samaki mkononi. Nilitaka kumwambia mtu, nikakumbuka kwamba sina wa kumwambia. Marehemu mume wangu hakumjua, wanangu hawajawahi kunisikia nikilitaja jina hilo, na wale wa ofisini tuliokuwa nao wametawanyika kama kuku. Kesho yake nilikwenda Koboko. Waliponiona magoti yangu na mvi zangu walinipeleka chumba cha ndani, wakaniwekea birika la chai na kikombe, kisha shughuli za matanga zikawazidi wakanisahau. Sikukasirika. Kukaa peke yangu katika chumba cha Koboko nikisikiliza watu wanaozungumza upande wa pili wa ukuta ni kazi niliyoisomea mwaka mzima.

Mwaka huo ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilizaliwa kwa nani na nililelewaje, watu wa kwetu Ajia wanajua, na wengine haiwahusu. Nilikuwa msichana mwenye diploma na viatu jozi moja, nimeajiriwa na mradi mmoja wa mbegu uliokuwa na ofisi Arua Hill, katika nyumba ya zamani ya wakoloni yenye veranda pana. Mradi ulikuwa ukiwakopesha karanga na maharagwe watu waliorudi kutoka ukimbizini, nao wakivuna wanarudisha. Tulikuwa na kompyuta mbili, moja Arua na moja kwenye ghala la Koboko, na programu ya kuhesabia magunia aliyoitengeneza Bwana Mukasa, kijana mpole kutoka Kampala aliyekula mbele ya skrini na kusahau kwamba amekula. Kitabu cha maelekezo alikiandika kwa Kiingereza. Sasa pale Koboko karani, Zaituni, alikuwa amesoma Zaire kwa Kifaransa, na wale waliokuwa wakimsaidia msimu wa mavuno walisoma Sudan kwa Kiarabu. Lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa Kiswahili, kile cha jeshini na sokoni. Kwa hiyo nilitumwa nikakae huko mwaka mmoja, nikifasiri kitabu hicho na kuwafundisha.

Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa. Ya pili meneja aliniambia kwenye veranda, akiangalia mji chini kana kwamba anazungumza nao. "Candiru, Koboko kwa kompyuta karanga iko mingi. Kwa ghala haiko. Kila mwezi inapotea. Wewe kaa na huyo mwanamke, angalia mikono yake." Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema lisemwalo lipo. Akaongeza kwamba baba yake Zaituni alikuwa mwanajeshi wa ile serikali iliyoanguka, na watu wale tunawajua. Mvua ya kwanza ikija bila maelezo ya kueleweka, alisema, Zaituni atapelekwa polisi. Nilipanda lori la mradi nikiwa na godoro langu.

Nilipanga chumba katika ua wa Mama Sebi, mjane wa makamo aliyekuwa akiuza mafuta ya simsim, yaani ufuta. Kuta zake zilikuwa za matofali yasiyopigwa lipu, na dirisha lilikuwa moja, la ubao, lililotazama kinu chake. Usiku na asubuhi nilisikia familia nzima ikizungumza Kikakwa uani, na kila nilipotoka maneno yalikatika, yakaanza mengine ya Kiswahili kuhusu mvua. Walinisalimia vizuri. Hawakunikaribisha mezani hata siku moja. Nami nilipika enyasa yangu, ugali wetu wa muhogo na mtama, kiasi cha mtu mmoja, na yeyote aliyewahi kusonga ugali wa mtu mmoja anajua kwamba haugeuki vizuri sufuriani. Kwetu anayekula peke yake ni mchawi au mgonjwa. Sikuwa mchawi. Nililia mara nyingi mwaka ule, bila sauti, kwa sababu ukuta ule ulipitisha kila kitu pande zote mbili.

Ghalani palinuka maganda ya karanga na vumbi la wadudu. Mashine ilikuwa juu ya meza ya mbao, imefunikwa kitenge cha njano kilichofuliwa kila wiki, na ilifanya kazi mchana tu, jenereta ikiwashwa. Zaituni alikuwa mwembamba, mkubwa kwangu kwa miaka michache, na alikuwa akichapa kwa vidole vyote bila kuangalia chini, jambo ambalo mimi mwenye diploma sikuliweza. Siku ya kwanza alinipangusia kiti, akanipa karanga za kuchoma kwenye kifuniko cha kopo, akasubiri nitafune.

"Mwalimu," alisema, "wewe wamekutuma kuangalia mimi."

"Nimekuja kufasiri kitabu, dada."

"Kitabu iko na kurasa kumi na mbili. Mwaka iko na miezi kumi na mbili. Kila ukurasa mwezi moja?" Hakucheka. "Angalia tu. Mimi hapana iba. Kwa soko wananiita mwizi ya karanga, mtoto yangu wanamuimbia njiani. Angalia mpaka uchoke."

Basi nikaangalia mikono yake, kama nilivyoagizwa. Nilihesabu magunia pamoja naye mlangoni, nikamwona akiandika idadi kwenye skrini, sawasawa, akibonyeza Enter. Kisha, kabla jenereta haijazimwa, akafungua kitabu cha Mukasa palipoandikwa jinsi ya kuhifadhi kazi. Kiliandikwa hivi: Ctrl+S. Zaituni akabonyeza Control kwa kidole kimoja, akaachia. Akabonyeza kitufe cha kujumlisha, akaachia. Akabonyeza S. Mashine ikalia kidogo kama kifaranga. Akafunga programu, ikamuuliza kama ahifadhi, akakubali. Niliona namba ya magunia ikirukaruka pembeni ya skrini, na mwanzoni sikuelewa. Nilimwomba arudie. Akarudia vilevile, hatua kwa hatua, kama msichana aliyelelewa kufuata maagizo, na namba ikaongezeka tena.

Katika programu ile kitufe cha kujumlisha kilikuwa na kazi yake. Ukikibonyeza, kinaongeza tena ghalani idadi ya mwisho uliyoandika. Mukasa alikiweka hivyo ili kurahisisha. Kwa hiyo kila jioni, Zaituni alipojaribu kuhifadhi kazi kwa utiifu kabisa, alikuwa akiongeza gunia juu ya gunia ambalo halikuwahi kuzaliwa. Hakuna karanga iliyoibwa. Kulikuwa na alama moja tu, msalaba mdogo katikati ya Ctrl na S, ambayo Mukasa aliisoma "pamoja" na Zaituni aliisoma "jumlisha", kama alivyofundishwa shuleni na kama ilivyochorwa kwenye kitufe chenyewe. Nilipomweleza alikaa juu ya gunia. Halafu akasema, "Kumbe iko hii tu," akafunika uso kwa kitenge cha mashine.

Sasa nilikuwa na jambo la kumpelekea meneja, lakini nilijua haliwezi kutosha. Nikisema kitabu kimekosea, ataniuliza kilicho sahihi kiko wapi. Na kesho mtu mwingine atakibonyeza vilevile, na lawama itamrudia Zaituni. Ilibidi tupate namna ya kuandika kwamba vitufe viwili vinabonyezwa pamoja, ili mtu wa Koboko akisoma asikosee hata akitaka. Mtu atadhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilituchukua karibu msimu mzima, na nikisema ukweli ndio msimu pekee wa mwaka ule ambao sikuwa mpweke.

Nilianza na kistari, Ctrl-S, kwa sababu nilikiona kwenye kitabu kingine. Zaituni akajaribu, akabonyeza kistari, na magunia yakapungua. "Sasa utanifunga kwa kuiba kweli," alisema. Nikaandika "Control na S". Akabonyeza moja, akaachia, akabonyeza nyingine. Nikasema hapana, pamoja. Akaniuliza, nikisema nimekunywa chai na mkate, mkate niliuingiza kikombeni? Nikakiri kwamba wengine huuchovya. Tukacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko changu tangu nije Koboko. Kisha nikapendekeza alama niliyoipenda mwenyewe, ile ya kipaa kidogo, ^S, ambayo watu wa kompyuta waliitumia zamani. Niliitetea kwa majivuno ya kidiploma. Nikasema Control ni paa na S imekaa ndani ya nyumba. Zaituni akanionyesha kipaa kwenye kibodi, juu ya tarakimu ya sita, tayari kabisa kubonyezwa kimakosa. Akasema pia kwamba waliporudi kutoka Zaire walikuta nyumba ya baba yao haina hata bati moja, kwa hiyo wasomaji wa Koboko wakiona paa limekaa peke yake hewani wataniuliza nani kaliondoa. Nilinuna siku nzima. Alama ile ilikuwa nzuri, na bado naipenda.

Ndipo nilipofikiria kuacha alama na kuandika maneno. "Shika Control, piga S." Ilikuwa wazi kama maji, hata Zaituni alikubali. Jenereta ilikuwa imeharibika wiki ile, kwa hiyo nilichora kibodi kwenye upande wa kartoni ya sabuni, tukakaa chumbani kwangu alasiri tukifanya mazoezi. Mmoja alisema, mwingine akatenda. "Shika Control!" alisema, nami nikashika. "Piga S!" Nikapiga kartoni. Tulikuwa tukiongeza mwendo kwa mchezo, shika, piga, shika, piga, sauti zikipanda, hadi nikagundua kwamba kinu cha Mama Sebi uani kimenyamaza. Nilichungulia dirishani. Mchi ulikuwa chini, simsim imemwagika, na uani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Kisha Mama Sebi akasimama mlangoni pangu, mkono umeshika fremu.

"Nani anapigwa hapa?" aliuliza.

Zaituni alisimama haraka. "Hapana mutu anapigwa, mama. Tunajifunza kompyuta. Angalia, iko karatasi tu."

Mama Sebi aliiangalia kartoni, akaniangalia mimi, akaketi kizingitini. "Mwaka ya sabini na tisa serikali ilianguka, halafu askari wengine wakakuja," alisema. "Mimi nilijificha kwa muhogo na watoto. Kwa nyumba nilisikia hiyo maneno mbili tu. Shika. Piga. Bwana yangu alikuwa ndani." Aliokota chembe za simsim zilizoshikamana na gauni lake. "Mwanangu, usifundishe watu hiyo maneno. Si kwa nyumba yangu, si kwa ghala. Hapa kila mutu atakimbia."

Nikasema pole. Nikamwambia nitayafuta, na nikayafuta mbele yake. Jioni ile alinitumia mtoto aniite uani. Palikuwa na sinia moja, ugali na angara, wale dagaa wakavu waliopikwa na simsim, na Zaituni alikuwa amekwisha kunawa mikono. Walizungumza Kikakwa, wakakatisha ili kunifasiria, wakaendelea. Sikumbuki walizungumza nini. Nakumbuka mikono mingi ikiingia sinia moja, na wangu ukiwemo.

Ni baada ya kula ndipo Zaituni aliposema habari za baba yake. Alipokuwa hai alikuwa akiwapanga watoto wake mstari asubuhi kama askari, kwa mchezo, na kuwapa amri. "Amri ya jeshi iko mbili," alisema. "Anasema nyumaaa... Hapo wewe hapana geuka. Unakaza mwili, unangoja. Baba alikuwa anangoja mpaka kuku apite, sisi tunakufa na kicheko. Halafu anasema geuka. Ile neno ya kwanza unashikilia mpaka ya pili ikuje." Nilimwomba aseme tena. Alisema tena, na ile "nyumaaa" yake ikaning'inia uani, hata Mama Sebi akatabasamu kwa sababu mume wake pia alikuwa mtu wa gwaride. Tukatazamana. Control ni neno la kwanza, na S ni neno la pili. Kilichobaki kilikuwa namna ya kuandika kule kuning'inia katikati. Nilichukua mkaa nikaandika sakafuni: Control...S. Nukta tatu. Hakuna kitufe chenye nukta tatu, na kila aliyewahi kusoma anajua kwamba nukta tatu maana yake ni kwamba bado. Chini yake Zaituni aliandika maelezo kwa mwandiko wake wa Kifaransa uliolala: Shika Control, usiachie. Gusa S. Neno "gusa" alilichagua Mama Sebi. Alisema hilo halijamuua mtu, na kwamba shika isiyofuatwa na piga anaweza kuivumilia.

Nilikwenda Arua na lori la kwanza lililopatikana. Ofisini nilimwomba Mukasa afuate kitabu chake mwenyewe kama mtu asiyejua, neno kwa neno. Alibonyeza Control, akaachia, akabonyeza kujumlisha, akaona maharagwe ya wilaya nzima yakifura mbele ya macho yake. Uso wake uliiva. Alikuwa muungwana, akasema palepale kwamba kosa ni lake, akaandika nukta tatu kwenye kitabu kwa kalamu nyekundu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilisubiri aseme neno. Alisema, "Kwa hivyo iko alama tu." Kisha akasema nimwambie Zaituni aendelee na kazi, akatoka kwenda kunywa chai. Nilimfuata hadi veranda. Nikamwambia kwamba Koboko nzima inamwita mwizi, kwamba mtoto wake anaimbiwa njiani, na kwamba inafaa ofisi iende iseme mbele ya watu. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto anayeuliza kwa nini jua haliteremki chini aliguse. Alisema ofisi haiendi sokoni.

Zaituni alinisubiri mlangoni mwa ghala, amevaa gauni lake la Idi. Nadhani alitegemea kwamba nitarudi na mtu.

"Wamesema nini?"

"Wamesema uendelee na kazi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, dada."

Aliingia ndani, akafunika mashine kwa kitenge, akanyoosha pembe zake nne, ingawa siku ilikuwa changa na jenereta ilikuwa inanguruma. Alifanya kazi hadi mwisho wa mwezi bila kukosea gunia. Sokoni waliendelea kusema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia vingine isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa mtu wa Arua. Kisha akavuka mpaka kurudi kwa shangazi zake upande wa Zaire. Alikuja kuniaga chumbani akanikuta nikisonga ugali wangu. Hakuketi. Alisema, "Mwalimu, usiachie," akatikisa kichwa kidogo kana kwamba amejichekesha mwenyewe, akaenda. Nilisimama na mwiko hadi ugali ukaungua.

Miezi iliyobaki nilimfundisha karani mwingine, kijana msikivu ambaye simkumbuki jina. Nukta tatu zilifanya kazi. Magunia ya kwenye skrini na magunia ya ghalani yakawa sawa, na ofisi ikanipongeza kwa barua. Nilipokuwa nikifanya mazoezi ya kitabu chumbani nilisema maneno yote mawili mwenyewe, la kwanza na la pili, na katikati yake nilisubiri kwa mazoea, nikisikiliza kinu. Mama Sebi aliendelea kuniita kwenye sinia, siwezi kumnyima haki yake. Lakini kuna upweke wa mtu asiyejulikana na kuna upweke wa mtu aliyeachiwa, na huu wa pili hauponi kwa chakula. Mradi ulipofungwa programu ile ilitupwa, na kompyuta zilizokuja baadaye, zote, zilikuja na msalaba wao. Hakuna kitabu kingine duniani kilichoandikwa Control nukta tatu S. Nilisikia baadaye kwamba Zaituni amerudi Koboko na kufungua duka. Barabara ile ni fupi, na siku hizi ina lami. Kila mwaka nilisema nitakwenda.

Basi nilikaa na birika langu katika chumba cha ndani cha nyumba yake, nikisikiliza. Upande wa pili wa ukuta alikuwapo Amina, binti yake, yule aliyekuwa akiimbiwa njiani, sasa mwanamke mzima mwenye sauti nzito. Wanaume walitaka jina la marehemu na siku ya dua vichapwe kwenye karatasi za kubandika, na Amina alikuwa akimwelekeza mtoto wa ndugu yake kwenye kompyuta ya duka, kwa sababu, nilimsikia akisema, macho yake mwenyewe yamejaa machozi. Nilisikia vitufe. Nilisikia mtoto akiuliza sasa kazi hii aifanye nini isipotee.

"Shika Control," Amina alisema, akalivuta neno lile, akaliacha lining'inie hewani kama kwamba kuna kuku anapita. Nilikuwa nimekishika kikombe. Nilikaza mwili wote.

"S," nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Upande wa pili Amina alisema, "Sasa, gusa S," na mtoto akagusa.